Daktari kasema makula, mama kasikia chakula

Mama yangu ni fundi cherehani. Anashona barazani kwetu Korogwe tangu kabla sijazaliwa, cherehani ile ya kukanyaga kwa miguu, na kila ikifika Desemba nyumba inajaa majora maana Januari shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka nguo ya mwanawe itangulie. Kuna shule moja ya chekechea pale jirani yunifomu yao ni drafti, vidrafti vidogo vidogo vya bluu na nyeupe, na kushona drafti si mchezo, lazima mistari ya kipande hiki ikutane na mistari ya kipande kile kwenye mshono, ukikosea kidogo tu nguo nzima inaonekana imeenda upande.

Sasa mwaka juzi Desemba akaniambia kitu kwenye simu ambacho nilikiacha kipite. Alisema jora aliyouziwa mbovu, drafti zimepinda, yani mistari inakuja imenyooka vizuri alafu ikifika katikati inajikunja kama kitambaa kimelowa. Alishairudisha kwa muuza vitambaa wakabishana, yule kaka akaitandaza yote juu ya meza akaweka na rula, mistari ikawa imenyooka tuu. Mama akaondoka na hasira akijua anafanywa mtoto. Mimi nikamwambia mama achana naye kanunue kwingine. Ndo hivyo, nilisema hivyo.

Lile jora halikuwa na kasoro yoyote, kasoro ilikuwa nyuma ya jicho lake la kulia na hakuna aliyejua mpaka ikapita miezi saba.

Miezi saba hiyo alienda kwenye duka la miwani mara mbili. Sitalitaja duka. Mara zote mbili wakampima kwa zile herufi za ukutani, wakabadilisha namba, akalipa, akarudi nyumbani na fremu mpya, na mara zote mbili akasema inasaidia kidogo. Hakuna aliyemwekea dawa ya kutanua mboni akaangalia ndani. Hakuna aliyemuuliza kama ana sukari, na sukari anayo, mwaka ule ilikuwa inatimiza miaka 11. Hili linaniuma mpaka leo ndio maana naandika, kwa sababu miwani kazi yake ni kuuelekeza mwanga utue mahali pake, sasa kama mahali penyewe unapotua pameharibika utabadilisha lenzi mpaka uchoke.

Niligundua mwenyewe nilipoenda likizo mwezi wa saba. Nilisimama mlangoni nikabisha hodi, mama yuko pale pale kwenye kiti chake mita tatu hivi, akaniangalia, akaendelea kuniangalia, mpaka niliposema shikamoo mama ndo akaruka, "Ah ni wewe mwanangu!" Kanijua kwa sauti. Jioni yake nikamuona anatunga uzi kwenye sindano, na badala ya kuikazia macho sindano alikuwa ameinamisha kichwa amegeuza uso pembeni kabisa, kama mtu anayesikilizia kitu ukutani, anaitazama sindano kwa pembe ya jicho. Nikamuuliza mama mbona unafanya hivyo, akanijibu kawaida tu, "Nikiiangalia hasa inapotea. Nikiangalia pembeni inarudi."

Kesho yake tulipanda basi.

Hospitali tuliyoenda kulikuwa na daktari wa macho kijana, ana adabu, alimwamkia mama kabla ya chochote. Akamwekea matone, tukakaa nje kama dakika 40 mboni zitanuke, tukarudi akamulika, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akarudia kulia. Akavua kile kitaa cha kichwani akasema, "Mama, tatizo lako liko kwenye makula."

Mama akajibu haraka, "Najua baba, wali walishanikataza na chapati nimeacha, nakula dona tena kidogo tu."

Makula kwa wazee wetu ni chakula, ndo neno lenyewe. Dokta akatulia kidogo akaelewa, akageuza cheti cha mama akachora duara nyuma yake, na pale nyuma ya duara akaweka kidoti kimoja. "Hapa mama. Hiki kidoti ndicho unachosomea, unachotungia sindano, unachomjulia mwanao akisimama mlangoni. Jicho lote lililobaki linasaidia usijikwae."

Ile sentensi sijaisahau na toka siku ile nimekuwa nasoma hivi vitu kila nikipata muda, kwa hiyo nivimwage hapa maana kwa Kiswahili nimetafuta sana na nimepata kidogo sana.

Nyuma ya jicho kuna utando unaitwa retina ndo unaopokea mwanga. Katikati ya retina kuna eneo dogo lina upana wa kama milimita 5 na nusu, punje ya mchele ni ndefu kuliko hapo, hiyo ndo makula. Jina kamili ni la Kilatini, makula lutea, yani doa la manjano, na kweli lina umanjano, Mwitaliano mmoja Francesco Buzzi ndo aliliandika mwaka 1782. Ndani ya makula katikati kabisa kuna kishimo, milimita 1 na nusu hivi, kinaitwa fovea, nayo ni Kilatini maana yake shimo tu, hamna ufundi wowote kwenye jina. Retina nzima ina chembe za aina mbili za kunasa mwanga, rodi kama milioni 120 ambazo zinafanya kazi gizani na hazijui rangi, na koni kama milioni 6 zinazojua rangi na kuona vitu kwa ukali. Sasa pale kwenye kishimo koni zimebanana, wanakadiria kufika 200,000 ndani ya milimita moja ya mraba, na pale kati kati hakuna rodi hata moja, wala hakuna mshipa wa damu uliopita juu, njia imeachwa wazi ili mwanga ufike bila kizuizi.

Ukitaka kujua ni padogo kiasi gani nyoosha mkono wako wote mbele, inua dole gumba, angalia ukucha. Unachokiona kwa ukali wa kweli kwa wakati mmoja ni ukubwa wa huo ukucha basi. Vingine vyote vinavyokuzunguka unadhani unaviona vizuri kwa sababu jicho halitulii, linarukaruka huku na huku na ubongo unaunganisha. Jaribu kukazia macho neno moja kwenye huu mstari alafu bila kuhamisha jicho usome neno la tano kutoka hapo. Haisomeki. Mama alikuwa anaishi hivyo na neno lenyewe alilolikazia ndo lililofutika.

Na lile la rodi na koni nimelihakiki mwenyewe. Umeme ulikatika Korogwe usiku nikatoka uani, nikatafuta nyota iliyofifia, nikiiangalia moja kwa moja inapotea, nikisogeza jicho pembeni kidogo inarudi. Kwa nyota ni kawaida kwa kila mtu kwa sababu pale katikati hamna rodi za gizani. Nilikaa pale uani muda mrefu kidogo, nikawa namuelewa mama na sindano yake.

Watu wengi wanachanganya makula na doa pofu. Doa pofu ni pengine, ni pale mshipa mkuu wa fahamu wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo, pale hamna rodi wala koni kabisa kwa hiyo kila jicho lina sehemu isiyoona kitu, Mfaransa Edme Mariotte aliligundua kwenye miaka ya 1660. Chora vidoti viwili kwenye karatasi viachane sentimita 8, funga jicho la kushoto, kwa la kulia angalia kidoti cha kushoto, shika karatasi mbali kama sentimita 30 uisogeze taratibu mbele na nyuma, kuna mahali kile cha kulia kinapotea kabisa. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kinachopotea kikiwa ndicho unachokiangalia.

Neno lenyewe doa limenikaa. Sisi doa ni aibu, nguo ina doa, jina lina doa. Kwenye ukoo wetu upande wa mama kuna akina Imakulata wawili, Wakatoliki mnalijua hili jina, nilivyokuwa nasoma ndo nikashtuka kwamba ni neno lile lile, Imakulata ni asiye na doa, makula ni doa. Yani mwili wa mtu una doa moja ambalo likikosekana hawezi kusoma hata jina lake. Na madaktari wanalitumia hili neno kila mahali. Kwenye ngozi makula ni baka bapa, ukipitisha kidole juu yake hulisikii kama limeinuka, limebadilika rangi tu. Ndani ya sikio kuna makula mbili, zina vijiwe vidogo vidogo vya chokaa juu yake, ndizo zinazokwambia daladala imefunga breki hata kama umefumba macho. Kwenye figo kuna nyingine inaitwa makula densa inapima chumvi inayopita. Zote madoa, na kila moja ina kazi yake.

Kwa wanyama nako kuna mambo. Kati ya wanyama wanaonyonyesha ni jamii yetu ya nyani na sokwe ndo wenye makula na kishimo chake. Swala yeye amepewa mstari wa kulala unaofuata upeo wa macho, maana nyikani adui anatokea kwenye upeo. Tai ana vishimo viwili kwa kila jicho, kimoja cha kuangalia pembeni na kingine cha mbele. Kinyonga naye anacho tena cha kina kirefu.

Turudi kwa mama. Alipigwa picha inaitwa OCT, ni mwanga tu hauumi, unaweka kidevu kwenye mashine unaangalia alama. Hii teknolojia ilitangazwa mwaka 1991 na inaonyesha retina kwa tabaka, kama umekata chapati ya kusukuma vizuri ukaitazama kwa ubavu. Dokta alituonyesha kwanza jicho la kushoto, lilikuwa na kibonde kizuri katikati, ndo ile fovea. Alafu akafungua la kulia. Hakukuwa na bonde, kulikuwa na kilima, na ndani ya kilima kuna mashimo meusi meusi kama andazi ulilolipasua. Kawaida pale katikati unene ni kama robo ya milimita, la mama lilikuwa linakaribia mara mbili. Yale mashimo ni maji. Sukari ikikaa juu kwa miaka inachosha kuta za mishipa ile midogo kabisa ya damu, inaanza kuvuja taratibu, maji yanatuama kwenye makula, inavimba, koni zinasogezwa kutoka kwenye mistari yake na ndo drafti zikapinda. Mama alikuwa sahihi toka mwanzo kwamba zimepinda.

Akaangalia ile picha muda mrefu kidogo akasema, "Kumbe ni chakula kweli." Na hakukosea sana.

Tiba ilikuwa sindano ya ndani ya jicho. Najua unavyojisikia kusoma hivyo, mimi magoti yaliniisha. Lakini nieleze ilivyo kwa sababu kuna watu wanakimbia wakisikia tu. Wanaweka matone ya ganzi mara kadhaa, wanasafisha kope na jicho kwa ile dawa ya kahawia ya iodini, wanafunika uso kwa kitambaa chenye tundu, wanaweka kichuma kinachozuia usipepese, wanakwambia angalia upande fulani, sindano nyembamba sana inaingia kwenye weupe wa jicho, milimita kama 4 kutoka ukingo wa weusi wa jicho, si kwenye weusi wenyewe. Dawa ni tone dogo, mililita 0.05. Sekunde chache imeisha. Mama alisema alisikia kama amefinywa, alafu akaona vidoti vyeusi vinaogelea siku mbili hivi, kisha vikaisha. Walichotusisitizia ni kwamba siku zinazofuata jicho likianza kuuma sana, likawa jekundu au kuona kukapungua, usingoje kesho, rudi siku hiyo hiyo, kwa sababu bakteria wakiingia ndani wanaharibu haraka.

Dawa aliyochomwa ni Avastin. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, inazuia protini inayoamsha mishipa ya damu iote na ivuje, madaktari wa macho wakaona hiyo hiyo ndo kazi wanayoitaka ndani ya jicho. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa kazi ya macho mwaka 2013. Zipo nyingine za bei ya juu zaidi zilizotengenezwa kwa jicho moja kwa moja. Sindano haiwi moja, mama alichomwa kila mwezi mara tano za mwanzo, na hapo katikati wengi wanaacha wakiona nafuu. Usiache. Maji yanarudi.

Nigusie na ile hali ya uzee, maana ukitafuta makula kwenye intaneti ndo utakayokutana nayo zaidi. Ni makula kuchakaa kwa umri, kwa wazee wa Ulaya na Marekani ni moja ya sababu kubwa za kupoteza uoni. Kuna kavu inayokwenda polepole na kuna ya maji ambayo mishipa mibovu inaota chini ya retina, hii ya pili inatibiwa kwa sindano za aina hiyo hiyo. Kwenye hii kavu ya wastani ndo kuna vidonge vilivyofanyiwa utafiti Marekani, matokeo yalitoka 2001 kisha 2013, vina vitamini C, vitamini E, zinki, shaba, na baadaye wakatoa beta karotini wakaweka luteini na zeaksanthini kwa sababu beta karotini iliongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji. Vidonge hivyo vilipimwa kwa ugonjwa ule. Mama aliuziwa makopo mawili stendi na mtu aliyesema yatakausha maji ya jicho, hapana jamani, havikupimwa kwa makula iliyovimba kwa sukari, ile pesa ilikuwa nauli yake ya kliniki.

Luteini na zeaksanthini ndo umanjano wenyewe wa lile doa, zinachuja mwanga wa bluu kabla haujafika kwenye koni, na mwili hauwezi kuzitengeneza lazima uzile. Ziko kwenye mchicha, sukuma wiki, kiini cha yai, mahindi ya njano. Mama mchicha anakula kila siku, ana tuta lake nyuma ya nyumba. Ni chakula kizuri tu, ila hakikuzuia mishipa kuvuja na nisingependa mtu aache sindano kwa sababu ya mboga.

Kitu kingine kinachochoma makula ni jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, Mbeya, nilikuwa Dar, huku tuliona kipande tu, na watu mtaani kwetu walikuwa wanaangalia kwa filamu za eksirei na miwani ya jua ya kawaida. Ile ni hatari kubwa. Ukilitazama jua, lenzi ya jicho inalikusanya lote pale pale kwenye kishimo, na retina haina neva za maumivu kwa hiyo hutasikia kitu, unakuja kushtuka baadae kuna kidoti hakiondoki katikati. Tarehe 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kukubwa kutakakopita Misri, Saudi Arabia mpaka Somalia, na sisi wa Kenya na Tanzania tutaona sehemu yake. Wazazi waandaeni watoto, miwani maalumu ya kupatwa au usiangalie.

Na ninyi mlio na sukari, au mna mzazi mwenye sukari, namaanisha wewe unayesoma hapa, sukari aina ya pili inatakiwa macho yapimwe mara tu unapogundulika na kila mwaka baada ya hapo hata kama unasoma mpaka maandishi ya chini ya boksi la dawa. Mwambie anayekupima, naomba unitanue mboni uangalie nyuma. Tumia maneno hayo. Nenda na mtu wa kukurudisha maana utakuwa na ukungu masaa kadhaa na jua litakuchoma macho, beba miwani ya jua. Mama angepimwa mwaka mmoja tu kabla, dokta alituambia wazi, pengine asingefika kwenye kile kilima.

Jicho lake halikurudi lote. Drafti zimenyooka karibu zote, anashona, sindano anatunga akiitazama usoni. Kuna kifaa madaktari wanatumia kinaitwa gridi ya Amsler, kwa jina la Marc Amsler daktari wa Uswisi, ni karatasi ya mraba sentimita 10 kwa 10 ina vijumba vya milimita 5 na kidoti katikati, unafunga jicho moja unaangalia kidoti unatazama kama mistari inapinda. Walimpa moja. Akaiangalia akaniambia, "Si ndo ile drafti yangu?" Alipofika nyumbani akakata kipande kwenye lile jora alilogombania, akashona kidoti chekundu katikati kwa uzi, akakibandika ukutani juu ya cherehani. Dokta alimwambia haichukui nafasi ya kipimo ila sawa, akiona mabadiliko apige simu.

Kila asubuhi kabla hajakanyaga cherehani anafunika jicho moja kwa kiganja, kisha lingine. Jana kanipigia saa moja kasoro. "Za leo zimenyooka," akasema, "ila ule wa tatu kutoka kulia bado umeinama kidogo. Jumanne tunaenda?"

Tunaenda mama.